Rodi ya Ustadh Chirau

Mlangoni mwa duka la vifaa vya uvuvi, bi mkubwa mmoja alishika kibandiko cha bei, akakisoma, akakigeuza kiangalie chini, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta mchuzi umechacha. Hapo hapo Chirau akampenda.

Chirau alikuwa ng'ambo ya barabara, pale Ukunda, kando ya kibanda cha kutengeneza simu. Kanzu nyeupe, kofia ya mkono imekaa sawasawa, ndevu chache alizonazo zimechanwa zote. Watu walimwita Ustadh, na yeye hakuona sababu ya kuwakosoa. Mbele yake, juu ya mkeka, zilikuwa rodi tatu za kuvulia samaki, zimelala kama wagonjwa waliovishwa nguo za harusi.

Maana ukweli ni huu. Zile boti zinazopeleka watalii kuvua zikivunja rodi, huzitupa. Chirau huziokota, akaziunga kwa gundi ya mbao, akazungushia utepe mweusi, akapiga rangi. Ziking'aa pale juani, hata wewe ungenunua. Gundi ya mbao ni kitu kizuri sana, ina kasoro moja tu: haipatani na maji. Ndiyo sababu duka la rodi akaliweka Ukunda kwenye vumbi, si Diani kwenye bahari. Mnunuzi mpaka aifikishe majini, Ustadh keshahama kibanda. Waliosoma wanaita hiyo mipango.

Na wiki ile alihitaji mipango kweli. Ijumaa alitakiwa Msambweni, kwa mjomba wa mpenzi wake Kadzo, apeleke posa. Ameahidi mara mbili, mara mbili hakutokea. Kadzo alishamwambia bila kuzunguka: "Ijumaa hii mjomba asipokuona, namba yangu ifute." Bahasha ya pesa za posa alikuwa nayo tayari, mfuko wa kifuani, upande wa moyo. Kilichobaki ni kikoi cha kumpelekea mjomba. Kikoi kimoja, rodi moja. Mambo kwisha.

"Shikamoo, shangazi!" akaita.

"Marahaba, baba."

"Humo ndani wanauza fimbo kwa bei ya ng'ombe. Hebu vuka uone vitu vya binadamu."

Bi Fauzia, ndilo jina la yule bi mkubwa, akavuka, kikapu cha ukindu mkononi, akainama juu ya ule mkeka kama daktari.

"Nataka fimbo ya kuvulia. Lakini nakwambia mapema, yangu ni elfu moja na mia mbili, na hapo nimeshaiba kwenye pesa ya unga."

"Shangazi, mimi siangalii pesa, naangalia mtu." Akaiangalia pesa.

"Hii ndefu je?"

"Hiyo ya mwenye boti. Ukiirusha kutoka ufukweni utanasa ndege."

"Na hii fupi?"

"Ya dagaa."

"Dagaa wanavuliwa kwa rodi?"

"Ulaya."

"Kwani Ulaya kuna dagaa?"

"Wachache. Ndiyo maana wanawavua mmoja mmoja."

Bi Fauzia akatikisa kichwa kwa heshima ya elimu ile. Akainyanyua ya katikati, ya rangi ya samawati. Chirau akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeguswa kidonda.

"Hiyo hata sikutaka kuiweka hapa. Ilikuwa ya Mtaliano mmoja. Akienda nayo Wasini, samaki wanapanga foleni."

"Mbona kaiacha basi?"

"Amekufa."

"Innalillahi! Kafa na nini?"

"Kushiba."

"Na huu utepe mweusi hapa katikati?"

"Hapo ndipo penye nguvu. Wewe mwanamume unamwona anafunga mkanda wapi? Kichwani?"

Bi Fauzia akaipima uzito, akaipunga hewani, mwenye kibanda cha simu akainamisha kichwa kuokoa jicho.

"Ina garantii?"

"Garantii ni mambo ya maduka makubwa." Chirau akainua kidole kuelekea mbinguni. "Mimi, shangazi, nauza kwa sharia."

"Sharia yote?"

"Yote. Haipungui hata nukta."

"Pamoja na khiyari ya kikao?"

Neno hilo Chirau aliwahi kulisikia zamani chuoni, katikati ya usingizi mmoja na mwingine. "Hiyo ndiyo ya kwanza," akajibu.

"Alhamdulillahi." Bi Fauzia akalipa, noti zimekunjwa ndogo ndogo kama sambusa. Halafu, badala ya kwenda zake, akakaa kwenye mkeka. "Siku hizi watu hawaijui. Kwamba muuzaji na mnunuzi, maadamu hawajaachana, kila mmoja ana haki ya kughairi. Sasa mimi nataka kwanza niijaribu baharini. Na mimi nawe, mwanangu, bado hatujaachana."

Chirau akacheka. Akagundua anacheka peke yake.

Kumrudishia pesa ingekuwa rahisi, najua unalifikiria hilo. Lakini Chirau hajawahi kurudisha pesa maishani, na mtu haanzi mambo mageni wiki ya posa yake. Akaona dawa ni kumpotea tu. Bibi wa umri ule, atakwenda mbio wapi?

Akakunja mkeka, akazifunga rodi zake mbili mgongoni, akarukia boda boda. Kabla hajasema anakwenda wapi akahisi kikapu cha ukindu kinamchoma ubavuni. Bi Fauzia alikuwa keshapanda nyuma, rodi imesimama kama bendera.

"Twende, baba," akamwambia dereva. "Mimi na huyu ni kikao kimoja."

Chirau akashuka, akaingia kwa kinyozi. Bi Fauzia akaingia, akavuta kiti, akamwelekeza kinyozi pale panapohitaji kupunguzwa. Chirau, aliyenyolewa jana, akanyolewa tena. Akaenda kuulizia bei ya kikoi cha mjomba. Bi Fauzia akamsaidia kupatana bei, na kusema kweli akapatana vizuri kuliko yeye. Mwisho akakimbilia choo cha nyuma ya soko, akajifungia.

"Kohoa, baba, nijue upo!" sauti ikatoka nje. "Nikikusikia bado tuko pamoja."

Soko zima likanyamaza kusikiliza. Utafanya nini, na wewe ndiwe Ustadh? Chirau akakohoa.

Akatoka amelowa jasho. "Shangazi, nionee huruma. Nina safari ya wakwe Ijumaa, sijajiandaa."

"Mashallah! Basi wewe hutaki kuingia kwa wakwe na shaka ya mali ya mtu. Twende Diani, nitupe mshipi, niridhike, tuachane kwa wema."

Wakapanda tuk-tuk. Nauli, nisiwafiche, alilipa Chirau.

Bi Fauzia hakutaka ufukwe wa hoteli. Akampeleka mbali, upande wa mawe, ambako maji yalikuwa yanajaa. Huko ndani kidogo palikuwa na mtu mmoja na miwani yake ya kuzamia, kichwa kinaibuka kinazama kama chupa tupu; mtafuta pweza, Chirau akajiambia, na hakumfikiria tena. Chirau na bahari walikuwa wakijuana kwa mbali. Alizaliwa upande wa bara wa barabara kuu, na maji yakivuka kifundo cha mguu yeye hutaja jina la mamake.

Bi Fauzia akatoa kipande cha ngisi kikapuni, akakitia kwenye ndoana, akarusha. Haikwenda mbali. Chirau akafumba macho, akaiombea ile gundi dua fupi. Isiloe, ya Rabbi, isiloe mpaka tuachane.

Mshipi ukatikisika. Bi Fauzia akazungusha polepole, polepole, na hapo juu ya jiwe akatua tafi mzima, anarukaruka, mnene kama kandambili ya mwanamume.

"Yule Mtaliano," akasema Bi Fauzia, "Mungu amrehemu."

Chirau akamtazama tafi. Akaitazama rodi. Kabla hajamaliza kutazama, simu yake ikalia. Kadzo.

Hawezi kupokea pale, mawimbi yanapiga kelele. Akakimbia nyuma ya vichaka vya mikadi.

"Uko wapi?" Kadzo akauliza.

"Kwa fundi, mpenzi. Napimwa kanzu ya Ijumaa."

"Na huo mvumo?"

"Cherehani."

"Cherehani ngapi hizo?"

"Fundi ana kazi nyingi, si unajua."

"Haya, mwambie asiibane kifuani," Kadzo akasema kwa mapenzi, akakata.

Aliporudi, juu ya jiwe palikuwa na samaki watatu. Bi Fauzia alikuwa anamtoa wa nne ndoanani, anaimba.

Sasa hapa ndipo penye msiba, nami naomba tusimcheke sana. Chirau alikuwa amesema uwongo mwingi maishani, lakini hakuwahi kuuona ukifanya kazi. Akaanza kujiuliza. Ile samawati aliiokota wapi? Si ilikuwa kwenye boti ya wageni? Na wale wageni, mmoja si alikuwa kama Mtaliano? Na kama yu hai, basi hilo la kufa tu ndilo la uwongo! Akawaona watalii wa hoteli nzima wamejipanga, kila mmoja na pesa yake mkononi, anaipandisha bei. Akaona posa, akaona harusi, akaona nyumba ya mawe.

"Shangazi," akasema. "Nimeghairi. Khiyari ni ya wote wawili. Shika pesa yako, nipe rodi yangu."

Bi Fauzia akamwangalia kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, si umeniacha? Ulipoingia kule mikadini nimekuita. Nikasema, 'Kohoa, baba!' Hukukohoa. Kikao kimevunjika. Rodi ni yangu."

Asubuhi nzima amehangaika aachane na mwanamke huyu, na alipofanikiwa hakujua.

"Basi niuzie."

"Siuzi kitu cha marehemu."

"Nakuongeza hizi rodi mbili."

"Za ndege na dagaa? Sizitaki." Akatia ngisi mwingine. "Na hapo kifuani pamevimba nini?"

"Ni... ni posa."

"Lo! Posa siigusi. Usinitie dhambini."

Chirau akamsihi. Nakwambia alimsihi, mikono miwili, magoti yamegusa jiwe. Akaapa kwamba kabla ya Ijumaa hiyo bahasha itazaa nyingine tatu. Bi Fauzia akakataa, akakataa, akaona huruma, akapokea. Juu yake akapokea na ile elfu moja na mia mbili yake, kwa kuwa Chirau alikuwa amekwisha kuinyoosha mkononi na ingekuwa vibaya kumvunja moyo.

"Kwa sharia yote?" akauliza.

"Yote! Lakini tuachane sasa hivi," Chirau akajibu, anaogopa asije akaghairi.

"Tumeachana, baba." Na yule bibi wa umri ule akashika njia, akaenda kwa kasi ambayo boda boda ingeiheshimu.

Chirau akarusha mshipi. Hakuna. Akarusha tena, akaichovya rodi majini mpaka kwenye utepe, ifike mbali zaidi. Akangoja. Halafu akasikia kitu laini mkononi, kama mtu anayekuaga bila kutaka kukuudhi. Utepe ukafunguka, na nusu ya juu ya rodi ya Mtaliano ikashuka majini, ikaanza safari.

Mtu wa pweza akaibuka mbele yake, akaidaka, akapandisha miwani kwenye paji la uso. Kijana. Nyuma yake alikuwa anavuta dema, ule mtego wa fito zilizosukwa, na ndani walikuwa wamebaki tafi wawili.

"Ustadh," akasema. "Hunikumbuki? Jaafar. Mwezi wa Ramadhani uliniuzia ya kijani. Ya Mjerumani."

Chirau akarudi nyuma hatua moja. "Yule... aliyekufa na..."

"Mapenzi. Ndivyo ulivyoniambia. Rodi ikafuata siku ile ile." Jaafar akaketi kwenye jiwe, akakamua bukta yake. "Mamangu akasema niache, yeye atazungumza nawe. Mama akivuta mshipi mara mbili, mimi chini natia tafi kwenye ndoana. Nilidhani wa kwanza tu utatushtukia."

"Kwa nini?"

"Tafi anakula mwani, Ustadh. Mtoto wa chekechea hapa anajua. Wewe umemwona tafi gani anapigania ngisi?"

Chirau akakaa chini. Kanzu ikanywa maji ya chumvi, hakuihurumia. "Ile ilikuwa posa, Jaafar. Nimekwisha. Mchumba wangu nampenda kweli, hilo si uwongo wa rodi."

"Mama anajua. Alipoondoka kanipitia nyuma ya mawe, akasema posa hatuili." Jaafar akaelekeza kidole baharini. "Mwenzangu mgongo umemuuma. Ukiinua madema nami mpaka Alhamisi, bahasha inarudi, tukitoa bei ya ile ya kijani tu. Hutaki, wasalimie wakwe."

"Mimi sijui kuogelea."

"Hakuna kuogelea. Unashika kamba, unavuta. Kazi haina hata maneno."

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma Chirau kuliko yote. Lakini akasimama, akaikunja kanzu mpaka kiunoni, akaingia. Maji yalipopita kifundo akamtaja mamake. Yalipofika gotini akawataja na shangazi zake. Simu ikalia.

"Bado uko kwa fundi?" Kadzo akauliza.

Chirau akamtazama Jaafar, akalitazama dema, akautazama ule utepe mweusi unaoelea kama mkunga wa baharini aliye mgonjwa. Hakubaki na uwongo hata mmoja wa kutosha.

"Hapana, Kadzo. Niko baharini. Nainua madema."

Kadzo akaanza kucheka, akacheka mpaka akapaliwa. "Wewe? Madema? Mwongo we! Hebu maliza hiyo kanzu uje." Akakata.

Chirau akabaki ameishika ile simu. Kadzo alimwamini fundi, akaiamini kanzu, na cherehani zote zile hakuitilia shaka hata moja.

Akaitia simu ndani ya kofia, kofia akaiacha juu ya jiwe, akaishika kamba.