Mwendo Mkuu wa Mutie na Chupa ya Damu

Njooni, enyi wa milima ya Kilungu; zimeni redio, teremsheni mizigo, mpate habari za Mutie mwana wa Nzomo, Mutie Mtimua-vumbi, simba wa bodaboda, aliyefikisha damu maabara bila kuiharibu.

Kwa maana jemadari huyo alikuwa na kasoro moja: mbio. Alidhani damu ni kama maziwa ya deri, ikichelewa imeharibika. Basi akakifunga kikasha cha chupa za damu kwenye keria na kuruka makorongo, na sampuli nyingi za zahanati yetu zikafika maabara ya Mukuyuni zimeangamia. Chembe za damu zilipasuka njiani, na majimaji yanayobaki juu damu ikizungushwa kwa mashine, yanayotakiwa yawe manjano, yakawa mekundu kama juisi ya harusi. Mara mbili damu ya mama Kalekye, mgonjwa wa figo, ilikataliwa, na bila majibu daktari hakuthubutu kumwandikia dawa.

Alipodungwa mara ya tatu, Kalekye akasimama mlangoni, pamba mkononi, akahutubu:

"Mutie! Mkono wangu umekuwa chujio. Hii ikirudishwa, mimi sidungwi tena, heri nife na damu yangu yote! Leo utabeba hicho kikasha vile sisi hubebanga watoto."

Akavua leso yake, akamfunga kikasha kifuani. Shujaa aliona haya, tena aliogopa, maana mama huyo hakuwa akitania.

Ndipo ukaanza ule mwendo mkuu. Mutie akashuka mlima kwa gia ya kwanza, akilizunguka kila jiwe kama adui aliyelala. Mbuzi wakampita. Kwaya ya akina mama ikampita kwa miguu, ikiimba. Sokoni Mukuyuni, majeshi ya bodaboda yakamzingira kwa kicheko.

"Hongera, boss! Ni kijana ama msichana?"

"Ni figo ya mama ya watu," akanguruma Mutie, "na asinipigie honi mtu!"

Ismahan, mpimaji na mlinzi wa maabara, ambaye hajawahi kuihurumia sampuli mbovu, akaipokea chupa, akaizungusha kwenye mashine, akaiinua dirishani. Mutie akavua helmeti. Moyo ulimwenda mbio kuliko pikipiki yake.

"Ni manjano," akatamka Ismahan. "Safi kabisa. Tunapima."

Jioni hiyo Kalekye alimeza dawa yake ya kwanza. Mutie alipomrudishia leso, akaikataa.

"Kaa nayo, mwanangu. Wiki ijayo napimwa tena."

Nasi wa Kilungu hatuhesabu tena miaka kwa ukame. Tunasema kabla ya leso, na baada ya leso.