Uzinduzi wa Kanda ya Stima Imekatika, Toleo Lililosafishwa

Mheshimiwa mgeni wa heshima, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika, waheshimiwa wawakilishi wa waheshimiwa, wazee wa Wiyoni, akina mama wa mstari wa mbele na wale wa nyuma mnaozungumza, manahodha wa Ras Kitau, mwanahabari wetu, asalaam aleikum. (Aleikum salaam.) Na asalaam aleikum tena kwa wale ambao hawakuitika.

Nasimama mbele yenu nikiwa Mwenyekiti wa Kamati Shirikishi ya Kuhuisha Turathi za Sauti, na pia Katibu wake, (makofi ya watu wanne, wote wanakamati) kuzindua rasmi toleo jipya, lililorimastiwa kwa viwango vya kimataifa, la kanda ya Stima Imekatika, bendi ya kwanza na ya mwisho ya posti-panki na elektroniki hapa kisiwani Amu, iliyorekodiwa mwaka wa 1984 katika ghala la Wiyoni kwa gitaa moja, kinanda kilicholetwa na baharia kutoka Dubai, mashine iliyopiga ngoma yenyewe bila kuchoka, na sauti ya marehemu Idarus, ambaye waliomsikia wanasema aliimba kama mtu anayegombana na kabati. (Kicheko. Mzee mmoja: "Kweli kabisa!") Kwa wasiofahamu, posti-panki ni hasira iliyotulia, na elektroniki ni hasira hiyo hiyo ikitiwa waya.

Kanda iliyobaki duniani ilikuwa moja tu, nayo alikuwa nayo dadake Idarus, Bi Mwanamkisi, yule pale mbele mwenye redio kaseti mapajani. Aliniletea ofisini mwenyewe, imefungwa ndani ya leso, akaniambia hana picha ya nduguye wala barua yake, ana sauti tu, na kwamba kanda imeingia ukungu wa chumvi haichezi tena. Niliguswa. Niliguswa hadi nikaunda kamati ndogo tatu! (Makofi.)

Ya kwanza ilikwenda Mombasa siku tisa kufanya benchimaki ya ukimya. Ya pili ilimshughulikia punda anayesikika akilia katikati ya wimbo wa tatu, ikamtafuta mwenyewe au warithi wake watoe idhini kwa maandishi, na hadi leo, katika punda wote wa kisiwa hiki waliofikiwa, asilimia mia moja hawajajibu. Ya tatu ilisimamia jalada, na kwa kuwa picha ya Idarus haipo, ikaamua kwa kauli moja kuweka yangu. (Bi Mwanamkisi: "Bwana Abdulghafur, kanda yangu i wapi?")

Swali zuri sana, Bi, na liko katika rodimapu. (Bi Mwanamkisi: "Nimetia betri mpya.") Betri mpya, wananchi! Huo ndio moyo wa stekiholda! Mpigieni makofi! (Hakuna anayepiga.)

Sasa, kabla ya kufunua kasha hili lililofunikwa kanga, sitaki kuonekana mtovu wa shukrani. Nashukuru studio kubwa ya Nairobi, ambayo tungeiandikia barua laiti tungekuwa na anwani yake. Namshukuru fundi wa simu, Bi Kerubo, aliyetushauri kwamba ukungu hutoka kwa jua na hewa. Namshukuru mtunza stoo, Sadiq, aliyeuvuta utepe wote kutoka kwenye kanda, akaukuta una mita themanini na tisa, urefu ambao hakuna kamba ya kuanikia nguo hapa mjini inayoutosha. (Minong'ono.) Na kwa namna ya pekee namshukuru Jaafar, mlinzi wa shamba langu kule Hindi, upande wa bara, aliyeutandaza juu ya mtama wangu miezi saba iliyopita, ambapo umemeremeta na kuvuma hivi kwamba ndege hawajagusa hata punje. (Mzee mmoja avua kofia.) Naam. Na mwisho nawashukuru nyinyi kwa subira yenu, kwa sababu kasha hili lina kalenda zangu za mwaka jana, na kila mmoja atapata mbili. Stima imekatika, maendeleo yawake! Amu juu! Rimasta juu zaidi!

(Bi Mwanamkisi ainuka, redio kwapani: "Upepo ukivuma, huo utepe walia?")

Walia, Bi, walia sana. Jaafar aliniambia kwa simu kwamba alasiri unanguruma kama mtu anayegombana na... (Ajikatiza.)

(Bi Mwanamkisi: "Nende nikamsikize. Ndia ya Hindi ni ipi?" Nahodha mmoja: "Panda mashua yangu, Bi, nikuvushe Mokowe." Akina mama wa mbele wainuka, wa nyuma wawafuata, kisha wazee wa Wiyoni, kisha mwanahabari.)

Mabibi, soda hazijagawiwa! Ajenda ina vipengele sita! Nahodha, rudi, kikao hakijafungwa! (Wanakamati wanne nao wainuka.) Nanyi pia? Basi nakifunga mimi. Kimefungwa. Bi Mwanamkisi, ningojeni hapo gatini, nami naja. Miezi mitatu nilikaa na kanda ile mezani, Bi, na wallahi, hata mimi sijaisikia.