Mkimya Ahamishiwe Zahanati Pamoja na Kiti Chake

Ndugu Mkuu wa Kitengo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, ila kichwa. Ulinikabidhi ule mradi wa tovuti ya zahanati, alioujenga mwenzangu tunayemwita Mkimya kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, niuwashe kwenye kompyuta yangu na kukuonyesha Ijumaa. Ulisema pia kwamba kati yetu wawili, mmoja tu atapewa ajira ya kudumu. Leo ni Alhamisi na mradi haujawaka. Kwa heshima zote, lawama si yangu.

1. Mradi una alama nyekundu ya kosa, lakini nikifungua faili moja moja, hakuna lenye kosa. Nimefungua yote mia mbili na kumi na manne. Kila moja linajifanya halijui kitu.

2. Faili la mipangilio linaitafuta Java kwenye folda ya Mkimya, iliyomo ndani ya kompyuta ya Mkimya. Huku ni kumkaribisha mgeni kwako kisha ukaondoka na ufunguo. Isitoshe, linataka Java toleo la 17, nami nina la 8, ambalo halijawahi kunikosea adabu.

3. Seva, yaani programu inayoiendesha tovuti, inagoma, eti mlango wake namba 8080 umeshakaliwa. Nikachunguza umekaliwa na nani. Ni seva hiyohiyo, niliyoiwasha mwenyewe asubuhi.

4. Nilipomlalamikia Mkimya, alisema kwake mradi unawaka, akakitazama kikombe changu cha chai kwa huzuni, akaenda zake. Wiki tatu hajaniachia hata mstari mmoja wa maelekezo. Sasa hata chai yangu inamkera.

Kwa kuwa mradi unawaka kwake tu, naomba kompyuta yake, meza yake na kiti chake vihamishiwe zahanati, naye akiwa amekikalia, ili wajawazito wajiandikishe palepale mbele yake. Nafasi ya kudumu itakayobaki wazi, nitajitolea kuibeba.

Wasalimie nyumbani, na mhasibu, na yule mama wa mapokezi.

Wako mtiifu, mwenye macho mekundu,
Mwandishi wa programu, meza ya dirishani

Nyongeza: Nilipoinua kikombe nipate pa kuikunjia barua hii, nimekuta chini yake karatasi yenye maduara ya chai ya wiki tatu. Mwandiko ni wa Mkimya: weka Java ya 17, badilisha folda iwe yako, zima seva ya zamani kabla ya kuwasha nyingine. Mwishoni ameandika, "Ukikwama niite, usione haya." Nimefuata. Ukurasa wa zahanati umefunguka, na alama nyekundu imetoka. Nimeona aibu sana.

Tafadhali ichane barua hii. Tatizo ni nakala yake, niliyomkabidhi Mkimya mkononi kabla sijaikuta karatasi yake. Aliipokea, akashukuru, akaiweka mezani bila kuisoma na kuikalishia kikombe juu. Naomba ruhusa ya dakika mbili nikaichukue kabla hajamaliza chai.