Siku Moja Rasini, Bila Nesi

Jumanne, 4 Agosti

Binti yangu amepiga simu. Sauti ya mtu anayepika huku anaongea. Nyuma yake nikamsikia Nesi akiuliza chumvi iko wapi. Jikoni kwa mwanangu, anauliza chumvi!

Nesi ni mama mzazi wa Injinia, mume wa binti yangu. Amestaafu, na nyumba yake inatazamana na yao. Mimi, fundi cherehani, niko upande wa pili wa mji na mapazia ya watu yasiyoisha. Kwa ufupi: mimi napata simu, yeye anapata mtu.

Leo nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano. Macho. Zamani nilikuwa naita tu, binti anakuja, analamba uzi, anaupitisha mara moja, anarudi kwenye vitabu vyake. Leo nimeita kwa kujisahau. Kisha nikaurudisha uzi kwenye kopo.

Imetosha. Natafuta mpango.

Jumatano, 5 Agosti

Mpango: rasi! Tangu akiwa shule aliniomba nimpeleke, pale nchi kavu inapoingia baharini kama ulimi, ukisimama nchani maji yanakuzunguka pande tatu. Kila mwaka nilisema mwakani. Mara mvua, mara mapazia ya hoteli. Sasa basi, Jumapili hii. Kwenda asubuhi, kurudi jioni. Mimi na yeye, bega kwa bega.

Amekubali kabla sijamaliza kusema! Akasema hata yeye alitaka tupate nafasi ya kuongea. Nilikata simu nikacheza peke yangu mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Kisha akapiga tena. Gari litaendeshwa na Injinia. Na Injinia amemwalika mama yake.

Msafara wa mamba, na kenge yumo.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimempigia Nesi simu, kwa upendo tu. Nikamweleza kwamba upepo wa kule una tabia mbaya, umewahi kumbeba mbuzi mzima. Akauliza huyo mbuzi alitua wapi. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

Nikahamia kwenye magoti yake. Nikasema njia ni mawe matupu, kupanda na kushuka, na magoti hayauzwi dukani. Akanishukuru kwa kumjali. Atabeba kiti cha kukunja.

Nikampigia na binti: gari ni dogo. Akasema tuko wanne, tutaenea. Nikasema nakuja na mto wangu wa mgongo, nao unahitaji nafasi yake. Akacheka. Lo, kile kicheko! Nikasahau nilikuwa nagombea nini.

Jumapili, 9 Agosti

Naandika mguu ukiwa juu ya mto. Nianze mwanzo.

Nesi alipewa kiti cha mbele, kwa sababu ya magoti. Hayo magoti nimeyatangaza mimi mwenyewe. Kwa hiyo mimi na binti nyuma. Ushindi! Binti akalala usingizi njia nzima. Alilalia dirisha. Bega langu lilikuwa pale pale, halina kazi.

Rasi yenyewe sina maneno nayo. Majani mafupi yaliyolazwa na upepo, mawe meusi, mnara wa taa mweupe, halafu njia nyembamba mpaka nchani. Baada ya hapo maji tu, maji mpaka jicho linachoka. Binti akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara. Nikasahau mapazia yote ya dunia.

Nesi akakunjua kiti chake chini ya mnara. Ningenyamaza tu! Lakini nilidhani anapumzika kidogo, kisha atatufuata na maswali yake. Nikatekeleza mpango. Nikajikwaa. Nikaanguka kwa ustadi, nikashika kifundo cha mguu, nikapiga ukelele. Hesabu yangu ilikuwa hivi: binti atabaki kumwuguza mama yake, na Nesi na mwanawe wataenda nchani kupigwa upepo.

Nilisahau kwamba Nesi ni nesi.

Akapiga magoti, yale yale mabovu. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akanitazama usoni. Akatoa bandeji mkobani, akanifunga. Binti akaniuliza kama kweli siwezi kutembea, hata polepole, hata kwa kumwegemea. Nikasema hata hatua moja. Akauliza tena. Nikaongeza kilio. Akanywea. Nesi akawaambia waende, safari yote hii isipotee bure, mgonjwa atamwangalia yeye.

Wakaenda wawili. Nikawekwa kwenye kiti cha kukunja, nikitazama gauni la njano la mwanangu likipungua. Likawa kama ua. Likawa kama kifungo.

Nesi akamimina chai. Akasema bila kunitazama, "Dada, mguu wako mzima."

Nikasema maumivu anayajua mwenye mguu.

"Mtoto alitaka kukwambia jambo kule nchani, ninyi wawili tu. Unadhani kiti nimekibebea nini?"

Jambo gani? Akasema si lake kulisema. Akanywa chai. Kisha akalisema. Injinia amehamishwa kikazi. Mbali, mwendo wa siku mbili. Wanaondoka mwisho wa mwezi.

Nikainuka nikakimbia. Naam, mimi, wa hata hatua moja! Nikamwita binti yangu, upepo ukanirudishia sauti mdomoni. Bandeji ikafunguka, nikaikanyaga, nikaanguka. Safari hii bila ustadi wowote. Kifundo kikalia ko!

Nikabaki nimekaa njiani, katikati ya mnara na ncha. Kule mbele kile kifungo cha njano kikageuka, kikapunga mkono. Sikujua ananipungia mimi au Nesi nyuma yangu. Nikapunga. Nikageuka nyuma. Nesi naye alikuwa anapunga, kwa mikono yote miwili, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni.

Injinia alinibeba mgongoni mpaka garini. Binti akanieleza yote njiani, taratibu, kama mtu anayenyoosha kitambaa asikichane. Nilimwambia ni habari njema. Nikasema hivyo mara nyingi mno. Kisha akalalia bega langu. Likafa ganzi. Sikulisogeza.

Jumatatu, 10 Agosti

Nesi amekuja kubadilisha bandeji. Mguu umevimba kama andazi. Akaona kile kitanda cha binti kando ya cherehani, kimetandikwa shuka safi, na cherehani imebanwa ukutani ili kitanda kipate nafasi. Akauliza nani analala pale. Nikasema hakuna mtu.

Akakunja bandeji kuukuu. Akasema yeye huwa anavuka barabara kwenda kufua mashati ya Injinia, hata yakiwa safi. Binti yangu amemwambia aache, hawezi.

Tukakaa. Hakuna aliyekuwa na hila yoyote. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa mguu mmoja. Nusura nimpende.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimepata!

Nyumba mpya ina madirisha. Madirisha yanataka mapazia. Mapazia hupimwa na fundi mwenyewe, papo hapo, si kwa simu. Kupima, kukata, kushona, kutundika, kushusha, kutundika upya: nikifanya kazi kwa utulivu naweza kukaa kwao mpaka mwaka mpya. Na Nesi asijue kabisa. Nesi hajui kushona hata kishikizo.

Nimempigia binti. Amesema nyumba ina mapazia tayari, tena mazuri, mama usijisumbue.

Nimemwambia hayafai.

Akauliza nimeyaona wapi.

Nikasema fundi halazimiki kuona. Nimeanza kupanga sanduku.