Ombi la Kurudishiwa Swichibodi

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, mimi mkuu wa dawati la malalamiko, ofisi ya maji, nakuandikia nikiwa na maumivu ya sikio la kulia.

Wiki tatu zilizopita swichibodi yetu, mtambo uliopokea simu zote za ofisi, iling'olewa na kila meza ikawekewa simu yenye namba yake; yangu ikapewa ile namba ya zamani ya ofisi. Sikuulizwa. Hasara ni hizi:

1. Simu inaita. Zamani mteja akipiga, opereta wetu, tuliyemwita Mama Subiri, alimwambia asubiri, akaendelea kufuma sweta, na mteja akakata mwenyewe kwa hiari yake. Kwa miaka tisa nilipokea malalamiko manne, nikapewa cheti cha utumishi bora. Sasa napokea arobaini kabla ya chai.

2. Mabomba yanapasuka. Kabla ya simu hizi, daftari langu halina bomba hata moja lililopasuka. Fundi anadai yalikuwa yakipasuka siku zote. Namheshimu, lakini mimi naamini maandishi.

3. Bibi mmoja wa nyuma ya soko hunipigia kila asubuhi: "Mwanangu, maji yatatoka lini?" Mtu akikuita mwanangu, kumdanganya ni kazi. Juzi nilikwenda mwenyewe na fundi, nikarudi na matope hadi magotini. Maji yakatoka. Kesho yake wakapiga majirani zake wote. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema uache namba ya simu.

4. Simu inaorodhesha wote ambao sikuwapokelea. Huu ni umbea.

Kwa hiyo naomba swichibodi irudishwe, na Mama Subiri atolewe kwenye kustaafu. Ikishindikana, maji yafungwe mji mzima, maana bomba kavu halipasuki.

Nisalimie shemeji na watoto, na wahasibu wote wa ghorofa ya juu.

Wako mtiifu,
Mkuu wa Malalamiko

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, simu iliita. Alikuwa kaka yangu mkubwa. Tangu tumzike baba, miaka sita sasa, nilidhani amenisusa, nami nikamsusa. Akasema, "Mdogo wangu, namba yako ninayo hii moja tu, ya ofisi. Nimepiga miaka yote, naambiwa nisubiri, hadi nikakata tamaa. Leo ndiyo umepokea." Tulizungumza saa nzima, na sikio halikuuma. Barua imeshapewa namba ya jalada, kwa hiyo lazima ikufikie, lakini tafadhali usiisome. Kesho saa nne atapiga tena. Naomba mtu yeyote asiguse waya wangu.