Mtetezi wa Mbwa Mwitu Anayeogopa Paka

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Sijapata kumwambia mtu yeyote, hata Mama: naogopa wanyama. Wote. Mbwa, farasi, kindi wa bustanini, hata paka wa Bi Mardhiya wa ghorofa ya pili, ambaye ni mzee na hana meno. Nikimkuta kwenye ngazi hujifanya nimesahau kitu nyumbani, nikarudi kusubiri aondoke.

Hili lisingekuwa tatizo kama nisingekuwa mwenyekiti wa Klabu ya Wanyamapori ya skuli yetu. Nawapenda wanyama kwa dhati. Vitabuni. Kitabuni mbwa mwitu hukaa kwenye ukurasa wake, na ukimfunga, amefungika.

(Naandika kwa Kiswahili kwa usalama. Rafiki yangu Miska, ambaye kwao ni Pemba kama kwetu, anakielewa chote, lakini akikisoma huchoka mstari wa pili.)

Sasa balaa. Alhamisi kuna mdahalo: je, mbwa mwitu warudishwe kwenye misitu ya umma ya Uskoti? Mimi na Miska tunaunga mkono. Sandeep na mwenzake Paresh wanapinga. Leo Miss Nishma, mwalimu wetu wa jiografia, ametangaza zawadi. Washindi wawili watapelekwa kwenye kituo kimoja nje ya London kutembea na mbwa mwitu. Si kuwatazama. Kutembea nao! Mnyama amefungwa kamba. Upande wa pili wa kamba: mimi.

Miska alipiga kelele za furaha. Anataka kuwa daktari wa wanyama, na mnyama mkubwa kuliko wote aliyewahi kumshika ni sungura wa skuli ya msingi. Mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kusema ukweli haiwezekani. Sandeep ananiita Mama Mbwa Mwitu, kwa kejeli, lakini ndilo jina pekee la utani nililowahi kupewa. Uamuzi: lazima tushindwe. Kwa heshima.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango umekamilika. Nimempa Sandeep hoja za kutupinga sisi.

Nilimfuata maktaba wakati wa chakula, nikamwekea bahasha mezani. Aliuliza kuna nini humo ndani, sumu? Nikamwambia upinzani dhaifu unaniudhi. Akasema Mama Mbwa Mwitu, wewe si mzima. Lakini alizichukua.

Ni hoja nzuri sana. Kwamba kisiwa hiki ni kidogo na barabara ni nyingi. Kwamba mfugaji wa kondoo ndiye atakayelipia furaha ya watu wa mjini. Kwamba kulungu wakizidi, wawindaji wenye vibali wanaweza kuwapunguza bila ya kuleta meno mapya. Nilipozisoma tena nilikaribia kuhama upande.

Jioni Miska alinipigia simu, akanisomea ufunguzi wake. Halafu akausoma tena. Aliniuliza kama tutashinda. Nikasema inshallah, na papo hapo nikaona haya, maana hilo si neno la kulitumia unapopanga kushindwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Zamu yangu ilipofika nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, yaani ya mtu anayeomba njia kwenye treni iliyojaa. Baba yake Miss Nishma alikulia Kisumu, na Miss akichoka na mtu humgeukia kwa Kiswahili. Kutoka safu ya nyuma alinipigia kelele: wewe, sauti umeiacha nyumbani? Watu wakacheka. Nilifurahi. Tulikuwa tunashindwa vizuri.

Akasimama Sandeep. Hoja zangu zote, moja baada ya nyingine. Makofi! Nikatulia kabisa. Nikaanza hata kufikiria nitakula nini nikifika nyumbani.

Kisha akaongeza ya kwake. Alisema mbwa mwitu hula mara tatu kwa siku kama sisi, na kila mlo ni kondoo mmoja mzima. Akaanza kuzidisha. Kwa hesabu yake, kondoo wa Uingereza wangekwisha kabla ya Krismasi.

Nilijiambia: Haifa, kaa. Uongo huu ni rafiki yako. Nikashika kiti kwa mikono miwili.

Sikuweza. Nilisimama kabla zamu yangu haijaitwa. Nikasema mbwa mwitu anaweza kukaa siku kadhaa bila ya kula, na kwenye msitu wenye kulungu wengi huwinda kulungu. Nikasema ndiyo, na kondoo wataliwa, hilo tusilifiche, na ndiyo maana lazima kuwe na fidia, mbwa wa kulinda na mazizi ya usiku. Na mbwa mwitu aliyezoea kondoo aondolewe. Nikasema ardhi ya umma si ya mbwa mwitu peke yao wala ya mfugaji peke yake, na hakuna mmoja anayefaa kuamua wakati mwenzake yuko nje ya mlango. Nilijibu kila hoja niliyompa Sandeep. Majibu nilikuwa nayo, hoja zenyewe niliziandika mimi. Alinitazama kama mtu aliyealikwa chakula kisha akaletewa bili.

Tumeshinda.

Miska alilia. Alinikumbatia, akasema shoga yangu, hakuna aliyewahi kunipigania hivi. Nilitamani kuwa mdogo kama punje ya mchele. Lakini pia nilishusha pumzi. Alhamdulillahi mpango wangu ulifeli. Ningemnyima kitu ambacho hana njia nyingine ya kukipata.

Nafuu hiyo ilidumu mpaka kwenye kituo cha basi. Hapo nikaikumbuka kamba.

Jumamosi, 15 Novemba

Mpango mpya, na huu hauna dosari. Miska aende. Mimi nizuiwe na dini.

Hoja yenyewe: sisi tumefundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa mwitu ni mbwa. Mama akisikia hatatia saini karatasi ya ruhusa, nami nitasikitika hadharani.

Mama alisikia. Akasema tusikisie, muulize Maalim Abdulwakil. Vizuri! Leo kwenye chuo cha Kurani nilisubiri wenzangu watoke, nikamweleza kwa huzuni kubwa.

Maalim alivua miwani, akaifuta, akavaa. Akasema hukumu ile, kwa alivyosoma yeye, ni ya mbwa. Mbwa mwitu ni mnyama mwingine, mnyama wa kuwinda, na akiwa hai mwili wake ni twahara, si najisi. Akanipongeza kwa kuuliza kabla ya kutenda. Akasema vijana wa siku hizi hawaulizi. Kisha akapunguza sauti na kuniomba nimpigie picha, maana tangu utoto anasoma habari za mnyama huyu na hajamwona hata siku moja.

Mama ametia saini. Amechora na ua dogo pembeni.

Ijumaa, 21 Novemba

Wiki nzima nimejaribu kuugua. Sina kipaji.

Lakini leo nimesoma nyuma ya karatasi ya maelezo, mahali ambapo hakuna mtu anayesoma isipokuwa mimi. Imeandikwa wazi: mgeni asijitie manukato. Atakayenukia hataruhusiwa kutembea na wanyama.

Nyumba hii! Nyumba ya Bibi!

Nilimwendea Bibi, mama yake Mama, nikamwomba anifukize koti. Bibi hakuamini masikio yake. Kila siku ananifuata mlangoni na chetezo cha udi nami namkimbia, kwa sababu darasani huniuliza kwetu kumeungua nini. Alisema leo mjukuu wangu umepata akili ya mtu mzima. Nikamwambia nataka ninukie mpaka mtaa wa pili. Akasema hilo ndilo neno.

Koti langu ni la nailoni na halishiki harufu. Kwa hiyo nimeazima koti la Mama la sufu, lile la Idi na la usaili wa kazi. Mama yuko kazini, zamu ya usiku, sikupata nafasi ya kumwambia. Bibi aliivisha kengele ya moshi kofia yake ya kuogea, akawasha kaa kwenye jiko, akatoa udi wa sanduku la chini, ule wa harusi. Akalitundika koti juu ya chetezo. Moshi ulijaa mpaka nikawa namsikia Bibi tu, simwoni. Alikuwa akiniuliza kama huko niendako kuna vijana wa kuoa.

Jumamosi, 22 Novemba

Kwenye treni watu walihama viti. Nilihisi ushindi.

Miska hakuhama, ila alifungua dirisha la basi dogo la kituo cha wanyama lililotupokea stesheni, na baridi ya leo si ya kufungua dirisha. Miss Nishma alisema harufu hii inamkumbusha shangazi yake, na si kwa uzuri.

Kituoni tulipokewa na mtunzaji, mama mrefu mwenye viatu vya matope. Kabla hata ya salamu alinusa hewa. Akauliza ni nani huyu.

Nilipiga hatua mbele. Nilikuwa nimejizoeza sura ya huzuni. Nikasema ni mimi, samahani sana, ni desturi ya kwetu, kumbe hairuhusiwi? Masikini mimi!

Akasema hairuhusiwi. Leo hutatembea nao.

Nilitaka kuruka. Kwa furaha! Ilinibidi nishike uzio. Miska akadhani nazimia kwa huzuni, akasema basi na yeye hatembei, hawezi kwenda bila yangu. Nikamwambia kwa ukali ambao sijawahi kuutumia: Miska, nenda. Akaenda. Nikamwona akitokomea kati ya miti, mgongo umenyooka, na pembeni yake kitu cha kijivu chenye miguu mirefu kikitembea kama kiko peke yake duniani. Kwa mbali, na uzio katikati, ni mzuri kuliko kitabuni.

Nilikaa kwenye benchi na chai ya maziwa. Nafikiri sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Waliporudi, mtunzaji akaniuliza ile harufu ni ya nini. Nikamweleza habari za udi. Macho yalimng'aa. Akasema mbwa mwitu hupenda kujigaragaza kwenye harufu ngeni, na yeye huwatafutia kila namna wasichoke na maisha ya uzioni. Je, ningekubali kuwaazima koti? Kidogo tu?

Miss Nishma ananitazama. Miska ananitazama. Mwenyekiti wa Klabu ya Wanyamapori atasema nini?

Nilivua.

Alilitupa upande wa pili wa uzio. Wa kwanza alilinusa, akasita, kisha akaangusha bega lake juu ya kola. Bega, shingo, mgongo. Miguu minne juu! Wengine wawili wakaja wakipigana vikumbo, kama mabibi harusini wanaogombea chetezo. Mmoja aliondoka na mkono wa kushoto. Miska alicheka mpaka akakaa chini. Mdogo kuliko wote alisubiri wenzake wamalize, akakojoa kwenye mfuko wa ndani.

Nimerudi London na mfuko mweusi wa taka.

Jumapili, 23 Novemba

Mama alifungua mfuko, akaufunga, akakaa. Akaniuliza ni nini. Nikasema ni koti. Akauliza la nani.

Nilimweleza karibu yote. Kwamba niliazima bila ya ruhusa, kwamba watu walinitazama nikashindwa kukataa. Sikusema kwa nini nilitaka kunukia. Mama alijifunika uso kwa mikono, kisha mabega yakaanza kumtetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Akasema wewe mtoto utaniua, lile koti halijanipa hata kazi moja.

Adhabu: vyombo vyote mpaka mwaka mpya. Nimeosha vya leo huku naimba.

Bibi amegoma kukubali fatwa. Anasema Maalim hajalinusa. Ameliloweka bafuni na udongo wa chungu cha mrehani. Lakini kati ya suuza moja na nyingine anawatumia jamaa wa Hayes, wa Southall na wa Wete ujumbe wa sauti, kwamba mbwa mwitu wa Uingereza wameupigania udi wake, na wao walio binadamu huuita mkali.

Picha nimempelekea Maalim. Alijibu: subhanallah.

Jumatatu, 24 Novemba

Asubuhi kwenye basi Miska aliniuliza taratibu, bila ya kunitazama. Haifa, ulipoambiwa hutembei nao, uso wako ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. Unaogopa? Alisema yeye miguu ilimtetemeka njia nzima, wala si aibu.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema neno moja tu. Nikamwambia ule ulikuwa uso wangu wa huzuni.

Kisha darasani. Halmashauri inakusanya maoni ya wakazi kuhusu mabata bukini, wale waitwao wa Kanada, wa bustani ya umma iliyo karibu na skuli. Wengine wanataka wapunguzwe, wengine wanataka waachwe. Miss Nishma anatafuta mwanafunzi wa kuzungumza kwenye mkutano. Lakini Jumamosi ijayo mwanafunzi huyo atatangulia kwenda ziwani na watu wa kujitolea, kuwahesabu. Kwa karibu. Bata bukini! Wana shingo kama nyoka na hawafungwi kamba.

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa salama. Ndipo Sandeep akasema hao ni wageni, wote warudi kwao Kanada.

Nikasikia sauti yangu ikimwambia kwamba hawa hawaendi Kanada, wamezaliwa hapa hapa London, kama yeye, kama mimi. Darasa zima likapiga meza. Miss Nishma alikuwa ameshaandika jina langu.

Nilimshukuru. Baada ya skuli nikaenda maktaba, nikaazima kitabu kuhusu mabata bukini. Kisha nikaingia dukani Stratford kununua gambuti za kuvaa ziwani. Muuzaji alinipa saizi yangu. Nikaomba saizi moja chini. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika. Nikazivaa pale pale, nikaanza kutembea kwenda nyumbani, njia ndefu, ili Jumamosi miguu iwe na malengelenge ya kutosha.