Mkono, Karatasi Tisa

Jumatatu, 3 Juni
Ko, ko. Penseli ya Baba. Ndivyo alivyonifunza kusoma: nikikosea, anagonga meza mara mbili. Miezi minane iliyopita, nikisoma wasifu wa Mama mazikoni, nilitaja mwaka aliozaliwa. Ko, ko, kwenye mkono wa kiti. Nikamfokea mbele ya watu: hata leo? Hatujasemezana tangu hapo.

Leo ofisi ya kamusi imenipa neno la Kiingereza 'hand'. Karatasi tisa za maana na mifano! Bwana Jicho, jirani yangu wa meza, kapewa 'eye', karatasi kumi na nne, anatembea kama bwana harusi. Mwache. Prufu zetu zote, kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, husomwa na Baba, nyumbani kwake. Na sentensi za mifano natunga mimi. Hila ya kumsemesha imejileta yenyewe.

Jumatano, 5 Juni
'Give a hand', kusaidia. Mfano wangu: "Baba akiniita, nitakuja kumsaidia." Nimemkabidhi Shangazi karatasi mlangoni kwa Baba, nikatimua mbio.

Alhamisi, 6 Juni
Imerudi. "Baba" imekatwa, pameandikwa "Fundi". Pembeni: mfano uwe wa jumla. Nimelia chooni. Bwana Jicho akaniuliza ni jicho gani linauma, maana siku hizi yeye ndiye mtaalamu. Mshenzi!

Jumatatu, 10 Juni
'Shake hands'. Niliandika: "Binti alitamani kumpa baba yake mkono siku ya mazishi." Jibu: sentensi ndefu, futa kuanzia "siku". Shangazi kanipigia simu. Eti mimi na kaka yake tuna mkono wa birika, hata neno tunabaniana!

Jumanne, 11 Juni
Maana ya saba: mwandiko wa mtu. Safari hii sikupanga hila. Nimeandika tu: "Huu ni mwandiko wa marehemu mama."

Alhamisi, 13 Juni
Imerudi bila alama hata moja. Shangazi anasema Baba alikaa nayo kutwa, penseli sikioni, hakuishusha. Kisha akaenda kufungua sanduku la Mama. Chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo: Nimetazama daftari lake. Mwaka ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea. Njoo Jumapili.

Nimeisoma mara ishirini. Sikuona hata koma ya kusahihisha.

Jumapili, 16 Juni
Shangazi kapiga simu saa sita. Baba yuko mlangoni tangu saa nne, shati kalipiga pasi mwenyewe, mgongoni lina mikunjo kama ramani. We mtoto una nini?

Nilifika, Shangazi. Nilimwona kutoka kona. Lakini ningeanzaje? Kinywa hakina ufutio.

Kwenye karatasi ndiko ninakoweza. Ijumaa nilimpa Bwana Jicho kiti changu cha dirishani, naye akanipa neno lake. Karatasi kumi na nne! Humo nitamjibu Baba vizuri, bila haraka.

Ya kwanza ameshaipata. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaisukuma chini ya mlango wa jikoni.